Kompyuta Nayo Haioni

Haya, tuanze. Leo ni namna ya kuandaa kazi zetu za kidijitali ili hata asiyeona au asiyesikia azipate. Nilikuwa na slaidi kama arobaini, nimefuta karibu zote, na zilizobaki nitawasomea kwa sauti, maana sijui nani humu ndani haoni vizuri na sio kazi yake kunyoosha mkono ajitangaze.

Miaka kadhaa nyuma nilimtumia mwenzangu, mtafiti wa historia, faili la PDF la gazeti la zamani, kurasa kama mia mbili, nimezipiga skani mwenyewe na najivunia kweli kweli. Yeye haoni kabisa, anatumia kisoma skrini, ile programu inayokusomea kilichopo kwenye kompyuta. Akafungua nikiwa nimekaa pembeni yake. Mashine ikasema "picha". Akashuka chini, "picha". Akashuka tena, "picha". Akacheka, akaniambia ndugu yangu umeniletea albamu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Usiku ule sasa, mimi mwenyewe nikawa natafuta jina la mtu kwenye faili lilelile, nikaandika kwenye kisanduku cha kutafuta, hola. Na jina nimeliona kwa macho yangu ukurasa wa tatu! Ndo nikashtuka kwamba kompyuta nayo haioni, kwake ule ukurasa ni madoa meusi tu, na kinachomzuia mwenzangu ndicho hichohicho kinachonizuia mimi kutafuta, kuhesabu maneno, kulinganisha matini.

Wazee wa fani hii ya kuchambua matini kwa kompyuta walilijua hilo mapema. Padri Roberto Busa alipoenda kampuni ya mashine ya IBM mwaka 1949 kutafuta msaada wa kuorodhesha maneno ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, hapakuwa na kupiga skani, kila neno lilibidi litobolewe kwenye kadi kwa matundu ambayo mashine inayasoma, na waliotoboa wengi walikuwa wasichana ambao majina yao hayakutajwa kwa miaka mingi (hilo nalo lina mhadhara wake). Sisi tumepata skana tukawa wavivu.

Mtu ataniambia kuna programu za kutambua herufi, zinazogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi. Zipo, na zinasaidia, ila ipe programu kitabu cha Kiingereza cha karne ya 17 chenye ile s ndefu, iliyochapwa karibu kama f, uone, mara nyingi inaisoma f. Jicho lako linasahihisha bila wewe kujua, sikio halisahihishi, na programu ya kuhesabu maneno haisahihishi pia, inakupa takwimu za maneno ambayo hayajawahi kuwepo duniani.

Lugha nayo. Kwenye msimbo (code) wa ukurasa wa wavuti kuna sehemu ya kutaja lugha, herufi mbili tu, kwa Kiswahili ni sw, basi. Usipoweka, kisoma skrini mara nyingi kinachukua sauti ya Kiingereza na maneno "pale" na "wake" yanatoka "peil" na "weik". Jaribu kusikiliza tasnifu nzima hivyo.

Vichwa vya habari sitakaa sana: ukikoleza wino tu sio kichwa, tumia staili ya kichwa (Heading) iliyomo kwenye programu ya kuandikia, ili anayetumia kisoma skrini aruke sehemu kwa sehemu.

Ninapotaka kukaa ni maelezo ya picha, yale maandishi ambayo kisoma skrini kinamsomea asiyeiona, kwasababu hapa watu wa insia (historia, lugha, fasihi na kadhalika) tunajidharau wenyewe. Unakuta picha ya muswada imeandikwa "ukurasa wa muswada". Sawa, alafu? Kama hoja yako ni kwamba kuna mtu wa pili aliyeandika pembeni kwa wino tofauti, akakata mstari wa nne, basi sema hivyo! Ukishindwa kuieleza picha kwa sentensi mbili, mi nashuku hujajua kwanini umeiweka. Hiyo kazi usimwachie fundi wa tovuti, ni usomi wako huo.

Rangi: ramani ya nyekundu na kijani itampotea mwanaume kama mmoja kati ya 12 kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ongeza alama au mistari. Na yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe mnayoyapenda, mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwanga isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, kuna vikokotoo vya bure, pimeni.

Haya, maswali. Na tafadhali ngoja maikrofoni ikufikie hata kama una sauti ya radi, kuna wenzetu wanafuata kwa yale maandishi yanayopita pale kwenye skrini, bila maikrofoni wewe kwao hujaongea.