Kirkman katika Madaftari Yetu

Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmelipita lile kaburi la Gede, mji wa magofu kusini ya Malindi yetu, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, alilitumia kaburi hilo kama kigezo cha kukadiria umri wa majengo mengine, na sisi bado tunakitumia. Lakini ni yeye pia aliyeandika mwaka 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani si ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na wenyeji. Maneno hayo yaliniuma nilipoyasoma mara ya kwanza, na yananiuma hadi leo, kwa kuwa yaliwatoa wazee wetu katika nyumba zao wenyewe.

Mbona basi hatumwachi? Huenda fani nyingine zikamweka kando mtangulizi aliyekosea, ila sisi wanaakiolojia tumefungwa na kazi yenyewe: tabaka la udongo likishaondolewa halirudi tena, na kinachobaki ni daftari la aliyeliondoa. Anayetaka kuijua Gede ya chini lazima apitie mkononi mwa Kirkman, asome vipimo vyake na vigae vya vyungu alivyovipanga, huku akikataa alichokihitimisha.

Neville Chittick naye, aliyechimbua Manda, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, aliamini kwamba mji ule ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti na udongo, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8, katikati ya vyungu ambavyo vingi vilifinyangwa papa hapa. Hoja ya Chittick ikaanguka. Takwimu zake za Manda zingali zinanukuliwa.

Nasi tuliofurahia kuanguka kwa hoja hiyo tulipata la kutafakari mwaka 2023, vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo wa Manda, Faza na Mtwapa, vilipoonyesha kwamba wengi wao walitokana na mababu wa kike hasa wa Kiafrika na mababu wa kiume hasa wa asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Damu ya Uajemi ilikuwapo kweli. Lakini misikiti ya kwanza ya Shanga na vyungu vyake ni vya zamani kuliko mchanganyiko huo.