Umelipa Deni Lote la Kadi, Riba Imetoka Wapi?

Mhadhara kwa wafanyabiashara, walimu na waongoza watalii, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu zangu.

Leo tunazungumzia fedha ndogo: shilingi elfu thelathini, shilingi mia tano, wakati mwengine shilingi nane. Mtu amelipa deni lake la kadi ya mkopo, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, hakupunguza hata senti. Mwezi unaofuata inakuja taarifa nyengine, na ndani yake mna riba. Wengi hudhani benki imekosea, au imewaibia. Mara nyingi haikukosea. Hiyo ni riba ya mkia, na ina hesabu yake.

Riba ya kadi huandikwa kwenye akaunti mara moja kwa mwezi, siku benki inapofunga hesabu, lakini hujikusanya kila siku inayopita. Chukua kiwango cha mwaka, gawa kwa 365, utapata kiwango cha siku. Tuseme, kwa mfano, kadi ina riba ya asilimia 36 kwa mwaka na deni, lililobakishwa tangu miezi ya nyuma, ni shilingi 2,000,000. Kwa siku moja riba ni kama shilingi 1,973. Benki imefunga hesabu tarehe 5, na taarifa inasema unadaiwa 2,000,000. Hilo ni deni la tarehe 5, si la siku utakayolipa. Karafuu zimepimwa, fedha imeingia, na tarehe 23 unalipa 2,000,000 zote. Baina ya tarehe 5 na 23 zimepita siku 18, na katika siku zote hizo deni lilikuwa bado halijaguswa. Mara 18 ni kama shilingi 35,500. Hizo ndizo utakazozikuta kwenye taarifa inayofuata.

Haishii hapo. Ukizilipa hizo 35,500 siku 15 baada ya hesabu kufungwa, nazo zinaweza kuwa zimeshazaa kama shilingi 525. Zile 525 ukizilipa kwa mwendo huo huo huacha shilingi 8. Kila mkia ni mfupi kuliko uliotangulia, lakini unaweza kukufuata miezi mitatu, minne. Baadhi ya benki huukata mara tu taarifa moja inapolipwa yote kwa wakati. Nyengine huendelea kuhesabu. Jibu limo katika masharti ya kadi yako, pale panapoelezwa namna riba inavyohesabiwa na lini muda wa bila riba unarudi.

Na huo muda wa bila riba ndio unaowachanganya watu. Mwenye kulipa deni lote kila mwezi hatozwi riba kwa manunuzi yake baina ya kufungwa hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa. Lakini ukibakisha deni mwezi mmoja tu, hata kidogo, muda huo kwa kawaida hupotea. Kuanzia hapo kila unachonunua kinahesabiwa riba tangu siku kilipoingia kwenye akaunti. Benki nyingi huurudisha baada ya kulipa taarifa mbili mfululizo kikamilifu. Kwa hiyo mtu anayemaliza deni huku bado ananunua mchele na vocha kwa kadi ile ile anajitengenezea mkia mpya kila wiki.

Fedha taslimu ni jambo jengine, na hapa Pemba tunaomba lisikilizwe kwa makini. Ukichukua noti kwenye mashine ya ATM kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida hakuna muda wa bila riba hata kidogo. Riba huanza siku ile ile, na juu yake kuna ada ya kuchukua fedha. Hata mtu asiyewahi kubakisha deni atapata mkia kwa kuchukua fedha taslimu mara moja. Kama lazima uchukue, ilipe siku hiyo hiyo au kesho yake, usingoje taarifa.

Sasa, kwa nini tuhangaike na shilingi 525? Kwa sababu hasara haimo ndani ya 525. Mtu ameshalipa, ameikata kadi kwa mkasi, amezima malipo ya moja kwa moja ambayo benki huyakata yenyewe, amebadilisha namba ya simu, na taarifa hafungui tena. Kile kidogo kinapita tarehe ya mwisho. Ada ya kuchelewa inaingia, na ada nayo huingizwa kwenye deni. Miezi ikipita, akaunti inahesabiwa imechelewa, na habari hiyo inaweza kufika kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Akienda kuomba mkopo wa kujenga au wa boti, anaulizwa deni ambalo hajui kama lipo. Haya ndiyo tunayotaka kuyazuia.

Wenye kadi za Marekani, na jamaa waliorudi wanazo, wajue mambo mawili. Kadi nyingi za huko zina kiasi kidogo kabisa cha riba kinachoweza kutozwa, pengine nusu dola, dola moja au mbili: ikiwa riba iliyohesabiwa ni senti nane, wewe utatozwa kiasi hicho. La pili linapendelea mteja: kwa kanuni zilizofuata sheria ya kadi ya mwaka 2009, ada ya kuchelewa haiwezi kuzidi malipo ya chini, yaani kiasi kidogo kabisa ulichotakiwa kulipa mwezi huo. Ukidaiwa dola mbili tu, hawawezi kukutoza ishirini na tano. Usiichukue kanuni hiyo ukaisema kwenye dirisha la benki ya hapa. Hapa angalia orodha ya ada ya benki yako.

Namna ya kumaliza ni hii. Kwanza acha kuitumia kadi, na uitoe kila mahali ilipowekwa ikajilipia yenyewe: vifurushi vya filamu, nafasi ya kuhifadhi picha za simu, tovuti za kupangisha vyumba. Malipo ya namna hiyo yakiingia baada ya kufunga, kazi yote inaanza upya. Kisha piga simu au nenda tawini, na uulize swali kwa maneno haya: “Nikilipa siku fulani, deni lote pamoja na riba iliyojikusanya hadi siku malipo yatakapoingia kwenye akaunti, ni kiasi gani?” Usiulize “salio langu ni ngapi,” maana utasomewa salio la taarifa au la jana. Andika jina la aliyekujibu, siku na saa.

Lipa mapema katika wiki. Malipo ya Ijumaa jioni huenda yakaonekana kwenye akaunti Jumatatu, na kwa deni la mfano wetu siku tatu ni karibu shilingi 6,000. Kama unatuma kutoka benki nyengine au kutoka kwenye simu, ongeza siku za njiani. Kwa sababu hiyo tunashauri kulipa kiasi ulichotajiwa na kuongeza kidogo, labda shilingi 10,000 kwa deni la milioni mbili. Kilichozidi hukaa kwenye akaunti kama fedha yako, mkia ukija unakatwa humo, na kinachobaki unakidai. Kwa kadi za Marekani, ukizidisha zaidi ya dola moja na ukaomba kwa maandishi, lazima urudishiwe ndani ya siku saba za kazi.

Kuongeza kuna faida nyengine. Deni la shilingi 8 huwezi kulilipa dirishani kwa fedha taslimu, kwani sarafu ndogo inayopita mikononi ni ya hamsini. Na kulituma kwa simu kunaweza kugharimu ada kubwa kuliko deni lenyewe.

Kama hukuongeza na mkia umekuja, ulipe siku ile ile unapouona. Au omba usamehewe. Wahudumu wengi wana ruhusa ya kufuta riba ndogo ya mteja aliyemaliza deni, lakini hawaifuti mpaka waombwe. Sema umelipa deni lote tarehe fulani, hii ni riba ya siku za katikati, unaomba ifutwe na akaunti isome sifuri. Omba uthibitisho kwa barua pepe. Usitegemee neno la simu peke yake.

Malipo ya moja kwa moja usiyazime siku ya kumaliza deni. Yaache yamepangwa kulipa salio lote la taarifa, si malipo ya chini, mpaka zipite taarifa mbili zenye sifuri. Ndipo uombe kufunga akaunti kwa maandishi, na upewe barua ya kutodaiwa yenye tarehe na muhuri.

Kuna ndugu zetu ambao riba hawaitaki kabisa kwa dini yao. Hukumu yake wataipata kwa masheikhe. Kwetu tunasema tu kwamba njia ya kutoka kwenye deni kwa siku chache zaidi ni kulipa mara fedha inapopatikana. Tarehe ya mwisho ya kulipa haikulazimishi kungoja. Katika mfano wetu, aliyelipa tarehe 8 badala ya 23 amezuia riba ya siku 15, karibu shilingi 29,600.

Liko suala la marehemu, na tunaliweka kwa sababu deni hulipwa kabla ya kugawa mirathi. Kama marehemu alikuwa na kadi, msimamizi asilipe kwa kutazama taarifa iliyokutwa kabatini. Apeleke cheti cha kifo, aombe kadi isimamishwe, na aombe deni la tarehe maalumu kwa maandishi. Kwa marehemu aliyekuwa na kadi ya Marekani, kanuni za huko zinaitaka benki imtajie msimamizi kiasi hicho bila kuchelewa, na akikilipa chote ndani ya siku 30 tangu kutajiwa, riba ya siku hizo za katikati lazima ifutwe. Barua ya kumaliza deni ihifadhiwe pamoja na nyaraka za mirathi, na kila mrithi apewe nakala.