Watu Sita kwa Kilomita ya Mraba

Hamjamboni nyote. Ahsanteni kwa kuja, hasa mliotoka Molo na Njoro na mvua hii. Nimeombwa nizungumzie Marsabit, kule kaskazini mwa Kenya, na sababu naijua. Humu ndani kuna walimu vijana waliopata barua za kwenda kufundisha huko, na kuna wazazi waliowasindikiza wakiwa na hofu. Mimi nilifundisha jiografia Marsabit miaka kumi na mmoja kabla sijarudi hapa Nakuru. Nitasema ninayoyajua.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo kosa linapoanzia. Sensa ya 2019 ilipata watu 459,785 katika kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Ukigawa unapata kama watu sita kwa kila kilomita. Hapa kwetu Nakuru ni watu 290. Kaunti yetu ingeingia ndani ya Marsabit mara tisa na nafasi ikabaki. Eneo bunge moja, North Horr, lina karibu kilomita za mraba 39,000. Linaizidi nchi nzima ya Rwanda kwa ukubwa, na lina mbunge mmoja.

Mtu akisikia hivyo husema: basi kule ni kutupu. Neno hilo "tupu" ndilo lililonileta mbele yenu. Nimelisikia kwa wahandisi, kwa maafisa, hata kwa walimu wenzangu, na sijaona neno lililowaumiza watu wa Marsabit kuliko hilo.

Kwanza, watu hawakumwagwa kama mbegu, sita hapa na sita pale. Mlima Marsabit unainuka katikati ya nyika mpaka mita 1,707, na asubuhi ukungu unaugubika hadi huoni mwenzako upande wa pili wa barabara. Msitu ule hukamua maji kutoka kwenye ukungu wenyewe. Mlimani utakuta mashamba ya mahindi na maharagwe, utakuta Waburji hodari wa kulima, utakuta mji wenye msongamano kama mji mwingine wowote. Ndovu Ahmed, yule mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliishi hapo akilindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mpaka alipokufa mwaka 1974. Kisha unashuka. Ukishuka upande wa magharibi, ndani ya saa chache ukungu umekuwa vumbi, na mbele yako ni Chalbi, jangwa la chumvi, jeupe mpaka macho yanauma. Mbele zaidi ni Ziwa Turkana na Loiyangalani, wanakoishi Waelmolo, wavuvi walio wachache mno. Wagabra, Warendile, Waborana, Wasamburu, Wadasanachi, kila mmoja ana mahali pake na majira yake ya kuwa pale.

Sasa niwapeleke kisimani, maana nikiwaeleza hiki kimoja vizuri, mengine mtayaelewa wenyewe.

Karibu na mji wa Marsabit kuna visima vya Ulanula. Wageni huviita visima vinavyoimba. Kisima ni shimo refu, na ndani yake wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine, migongo ikiegemea ukuta. Wa chini kabisa yumo majini. Anachota ndoo, anairusha juu bila kutazama, wa pili anaidaka, anairusha, mpaka inafika kwa aliye juu anayemimina kwenye hori la udongo. Ndoo tupu inarudi chini wakati huohuo. Kinachowaweka pamoja ni wimbo. Wimbo ukipotea, ndoo inampiga mtu usoni. Nilisimama pale mara ya kwanza nikitaka kupiga picha, mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mifugo ikikuona utaiogofya, na yule ng'ombe amengoja siku tatu." Nikairudisha kamera mfukoni.

Siku tatu, aliposema, alikuwa anataja sheria. Kila kisima cha Waborana kina mtu wa kupanga zamu, anaitwa abba herega. Anajua kundi la nani linakunywa leo, la nani kesho, na mgeni aliyepita na mifugo yenye kiu apewe nafasi gani. Ng'ombe hawezi kwenda mbali na maji kwa zaidi ya siku chache. Ngamia huweza kukaa zaidi ya wiki. Kwa hiyo malisho yaliyo mbali na kisima ni ya ngamia, ya karibu ni ya ng'ombe na mbuzi, na yapo malisho yanayoachwa makusudi, hayaguswi mvua ikiwa nzuri, yakingoja mwaka mbaya. Ukipita hapo kwa gari huoni nyumba wala mtu wala mnyama. Unaandika kwenye daftari lako: tupu. Kumbe umepita juu ya akiba ya watu.

Na nyumba pia husafiri. Kwa Wagabra nyumba ni ya mwanamke. Huibomoa mwenyewe, mikeka na fito zikapakiwa mgongoni mwa ngamia, na jioni mji mzima umesimama mahali pengine. Karani wa sensa anahitaji bidii kweli kuwapata watu wa namna hiyo.

Nani alifanya pawe mbali? Umbali wa kilomita ni wa Mungu, lakini upo umbali uliotengenezwa. Serikali ya kikoloni ilifanya kaskazini kuwa wilaya zilizofungwa. Ilikuwa huingii wala hutoki bila kibali. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka, yaani penye mvua, udongo mzuri, barabara na umeme. Hebu fikirini. Penye barabara paongezewe barabara. Sisi wa Nakuru tulikuwa upande wa kupokea, tusijifanye hatujui. Katiba ya 2010 ilikuja kuweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Ilikuwa imepita miaka 45.

Nilipokwenda mara ya kwanza, kutoka Isiolo nilipanda lori. Chini wamo mbuzi, juu kuna vyuma, na abiria tunakaa kwenye vyuma. Usiku wa kwanza tulilala porini kwa sababu springi ilikatika. Wazee walikuwa wakiniuliza, "Kenya hawajambo?" wakimaanisha huku. Hawakuwa na nia ya kunichoma, lakini nilichomeka. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, ilikamilika kuwekwa lami mwaka 2016 au kukaribia hapo, na nyinyi vijana mtakula kiamshakinywa Isiolo na chakula cha mchana Marsabit. Lakini lami ni mstari mmoja. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa kule Dukana hayuko kando ya mstari huo.

Niseme kuhusu upepo, kwa kuwa unatuhusu hapa. Kati ya mlima Kulal na ziwa, upepo huvuma mwaka mzima. Mahali panapoitwa Sarima ikasimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, na umeme ukaanza kuingia kwenye gridi mwaka 2018. Unasafiri kwa nyaya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, hapa chini yetu tu. Mradi ni mzuri, nausifu. Lakini ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya jamii, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa njia inayotakiwa na sheria. Rudini kwenye kisima. Ukiamini ardhi ni tupu, utamwuliza nani ruhusa?

Walimu, mkifika mtapewa darasa lenye watoto waliotembea, na wengine ambao familia imehama wakaachwa bwenini. Mwaka wa ukame madawati yatapungua watu. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mtoto aliyefiwa na ngamia wote wa baba yake haketi darasani kama jana. Msimwite mtoro. Mwulizeni mifugo iko wapi.

Jambo la mwisho. Wazazi mmeuliza kuhusu usalama, na sitawaficha: Julai 2005, kijiji cha Turbi kilishambuliwa alfajiri, wakauawa zaidi ya watu 50, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kutafuta suluhu ya uhasama huo ilianguka karibu na mji, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikufa watu 14. Walikuwamo wabunge wote wanne wa Marsabit: Bonaya Godana, Abdi Sasura, Guracha Galgallo na Titus Ngoyoni. Wa tano alikuwa Mirugi Kariuki, mbunge wetu wa Nakuru Mjini. Mwaka huohuo watu wa North Horr, Saku, Moyale, Laisamis na Nakuru Mjini walirudi kupiga kura kujaza viti vitano.

Sasa ulizeni maswali. Tuanze na huyu mama wa nyuma.