Nairobi Ilijenga Vilima Vyake

Wazee wangu, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma karibu na mlango, hamjambo. Nimeombwa nilinganishe Kampala yetu na Nairobi kwa majengo yao. Nilipokuwa naingia, kijana mmoja alinishika mkono pale nje akaninong'oneza, "Mwalimu, usituaibishe. Wakenya wametushinda." Nikamwuliza wametushinda nini. Akasema, "Ghorofa."

Basi tuanze na hizo ghorofa, tumalizane nazo. Nairobi ina jengo la Britam kule Upper Hill, lililokamilika 2017, mita 200 ukihesabu na mlingoti wa juu wenye mitambo ya upepo. Mtaa huohuo una jengo la UAP Old Mutual, ghorofa 33. Mjini kati kuna Times Tower, mita 140. Kampala haina hata jengo moja la kukaribia Britam. Kijana ameshinda kesi, ila mimi nakata rufaa.

Kumbukeni Nairobi ilikozaliwa. Mwaka 1899 reli kutoka Mombasa ilifika kwenye uwanda wenye kinamasi, mahali ambapo Wamaasai walipaita pa maji baridi. Mafundi wakapiga kambi hapo wajipange kabla ya kukabili milima ya kuelekea Bonde la Ufa. Na reli yenyewe iliitwaje? Reli ya Uganda! Banange, Nairobi ni kituo cha njiani cha safari ya kuja huku. Msicheke sana, maana treni yenyewe ilichukua hadi 1931 kufika Kampala.

Sasa treni haipendi vilima. Hutafuta ardhi tambarare, pa kuweka karakana na mabehewa. Kwa hiyo katikati ya Nairobi ni bapa, na mji bapa hauna kitu cha kulivuta jicho mpaka mtu akijenge. Wakakijenga. Jumba la mikutano la KICC lilifunguliwa 1973, ghorofa 28, mita 105. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, Mkenya. Mwanzo lilikusudiwa liwe makao makuu ya KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, jengo la kiasi tu. Kisha Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakakubali kufanyia mkutano wao Nairobi mwaka huo wa 1973, na mchoro ukapanda juu. Mimi nalipenda jengo lile kuliko yote yaliyolifuata. Lina rangi ya udongo wa chungu, na kando ya mnara kuna ukumbi wenye paa la kuchongoka kama msonge. Madirisha yamejificha kivulini, hayakutoa macho kwa jua.

Shikeni hiyo namba, mita 105. Kilele cha Kololo, kilima cha hapa Kampala, kimesimama zaidi ya mita 100 juu ya mabonde yanayokizunguka. Kile ambacho Kenya ilikinunua kwa saruji na nondo, Kampala ilikikuta asubuhi imeamka nacho. Nairobi ilibidi ijenge vilima vyake.

Na vilima vyetu havikukaa bure. Makabaka, wafalme wa Buganda, walihamisha makao yao kutoka kilima hadi kilima muda mrefu kabla ya kuja mzungu. Aliyekaa juu alionekana, naye aliona. Wageni walipofika waliielewa lugha hiyo haraka sana. Waanglikana wakapewa Namirembe, Wakatoliki Rubaga, ambako Mutesa wa Kwanza aliwahi kuwa na kasri lake. Lugard naye, yule kapteni Mwingereza, mwaka 1890 akaweka ngome kwenye kilima cha Old Kampala. Waislamu, ambao dini yao iliingia ikuluni mapema kuliko hao wote, pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Kiswahili hiki ninachowasemesha, walipata kuba zao za Kibuli baadaye, kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu.

Lakini kilima kinatoza kodi. Kanda hii ya Ziwa Victoria ina radi kali, mnazijua wenyewe. Kanisa la Namirembe lilipigwa na radi 1910 likaungua, paa lake la nyasi likaisha lote. Hili la matofali mnaloliona leo, lenye kuba, lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Kabla ya hapo, mwaka 1894, jengo la awali lilikuwa limeangushwa na upepo. Mtu mwingine angehamia bondeni. Hawa walibadilisha vifaa vya kujengea, mahali hawakupabadilisha.

Mwenye kutaka kuiona Nairobi vizuri sharti atoke nje yake. Picha mnaijua: twiga kwenye mbuga, na nyuma yake maghorofa yamepangana kama meno. Kampala haina nje ya namna hiyo. Ukiwa Namirembe unaiona Rubaga. Ukiwa Rubaga unaiona Kibuli. Ni jiji linalotazamana lenyewe, kila kilima kinajua jirani yake amepaka rangi gani.

Nendeni Mengo mkaone walivyolitumia jambo hili. Kutoka lango la Lubiri, kasri la Kabaka, hadi Bulange, bunge la Buganda, kuna barabara iliyonyooka kama uzi, kilima kwa kilima. Katikati kuna mzunguko wa magari. Sisi sote tunauzunguka. Kabaka peke yake hufunguliwa lango akapita katikati, moja kwa moja. Huo ni usanifu, na hauna ghorofa hata moja.

Serikali huru nazo zilitaka ghorofa. Mwaka 1967 Hoteli ya Apolo, ambayo leo ni Sheraton, ilisimama Nakasero. Ghorofa juu ya kilima kwangu ni mtu mrefu aliyevaa kofia ndefu, ila ile ilijengwa kwa adabu kidogo, ina bustani ya kupumulia. Ugomvi wangu ni na hivi visanduku vya vioo vya siku hizi. Jengo la kioo hapa karibu na ikweta ni jiko. Ukishalijenga unalipozesha kwa umeme, umeme ukikatika unawasha jenereta, na mpangaji analipa yote mawili.

Mwezi uliopita nilipanda mnara wa msikiti wa Old Kampala, ule alioanzisha Idi Amin na kumaliziwa kwa fedha za Libya. Ni ngazi zaidi ya 300, na magoti yangu bado yananilaumu. Nikaona makanisa, nikaona maghorofa ya Nakasero. Lakini kilichojaa machoni kilikuwa mabati. Mabati ya Kisenyi, mabati ya soko la Owino, taksi nyeupe zimebanana stendi kama punje za mahindi. Maji ya vilima vyote hivi huteremkia huko, kwenye mfereji wa Nakivubo, na mvua ikinyesha kweli duka la bondeni ndilo linaloogelea. Kwenye kadi za posta sijawahi kuliona bonde hilo, na ndipo wengi wenu mliposhukia taksi leo asubuhi.

Nimezidisha dakika zangu, mwenyekiti ananitazama. Yule kijana wa ghorofa yuko wapi? Aanze yeye kuuliza.