Ankara ya Polisi: Ayalandi ya Vijijini, 1814 hadi 1846

Habarini za jioni, na asanteni kwa kufika.

Ghasia za mashambani huko Ayalandi, iliyotawaliwa kutoka London, mwanzoni mwa karne ya 19 husimuliwa zaidi kwa kufuata bunduki: nani alimvizia nani, kwenye njia gani, usiku gani. Bunduki tutazifikia. Ila mimi nitafuata ankara. Kila sheria ya polisi iliyopitishwa kwa ajili ya Ayalandi miaka ile ilikuwa na kifungu kinachosema nani atalipa, na kifungu hicho kinaeleza mengi ambayo hotuba za bungeni ziliyaficha.

Tuanze shambani. Kibarua wa Tipperary au Limerick alikuwa hana ardhi yake. Alikodi kiraka kwa msimu mmoja tu, apande mbatata za kulisha familia, na msimu ukiisha kiraka kinarudi kwa mwenyewe. Bei ilikuwa mara nyingi kati ya pauni 6 na 10 kwa ekari. Chukueni pauni 8. Robo ekari ni pauni 2, yaani peni 480. Mshahara wa kutwa, siku kazi ikipatikana, tuseme ni peni 8. Hiyo ni kazi ya siku 60 kwa robo ekari ya mbatata, na bado hajanunua chumvi. Ndiyo maana shamba la mahindi au ngano likigeuzwa malisho ya ng'ombe, kibarua hakuona mabadiliko ya kilimo. Aliona sufuria tupu.

Samahani, nimesema mahindi kwa mazoea ya kwetu. Kule ilikuwa ngano, shayiri na oti.

Juu ya kodi hiyo kulikuwa na fungu la kumi. Wakulima wengi walikuwa Wakatoliki, lakini fungu la kumi lilikwenda kwa kasisi wa kanisa la serikali, la Kiprotestanti, hata katika parokia ambayo kasisi huyo alikuwa na waumini wachache sana. Kabla ya mavuno mkadiriaji alipita shambani, akakisia mazao, akaandika deni. Mara nyingi kasisi aliuza haki ya kukusanya kwa mtu wa tatu, naye akatafuta faida yake humo humo. Na kulikuwa na kasoro moja iliyowachoma watu kuliko zote. Mwaka 1735 bunge la Dublin, lililojaa makabaila, lilipitisha azimio lililoondoa malisho ya ng'ombe katika fungu la kumi. Kwa hiyo tajiri mwenye ng'ombe mia alikaa kimya, na huko Munster, jimbo la kusini, kibarua alitozwa kwa mbatata zake.

Hapo ndipo vilipozaliwa vyama vya siri. Whiteboys walianza Tipperary mwaka 1761, wakivaa mashati meupe juu ya nguo zao usiku. Wakafuata Threshers huko Connacht, jimbo la magharibi, mwaka 1806 na 1807, waliolalamikia fungu la kumi na pia malipo ya mapadri wao wenyewe. Tipperary ikawa na Caravats na Shanavests, waliopigana magongo kwenye magulio. Watawala waliwaona kama walevi wa sokoni, lakini Caravats walikuwa zaidi vibarua na maskini wa mashamba, na Shanavests walikuwa na wakulima wenye uwezo nyuma yao. Mwaka 1821, katika milki ya Courtenay karibu na Newcastle West, kaunti ya Limerick, ugomvi na msimamizi mpya mkali wa milki hiyo ukazaa jina lililoenea Munster nzima: Kapteni Rock.

Kapteni huyo hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kutia sahihi tu. Yeyote mwenye karatasi na wino angeweza kuwa Rock kwa usiku mmoja, na serikali haiwezi kukamata sahihi.

Utaratibu wao ulikuwa na ngazi. Kwanza kiapo, kwa hiari au kwa kutishwa. Kisha barua iliyobandikwa mlangoni au kwenye lango la kanisa: shusha bei ya kiraka, acha shamba ambalo mwenzako amefukuzwa, rudisha kwao vibarua wageni. Chini yake mara nyingi ulichorwa mchoro wa jeneza. Asiyesikia alitembelewa usiku na watu waliopaka nyuso masizi au kuvaa magauni ya wanawake. Wangechukua bunduki yake, wangechoma mavuno yaliyorundikwa, wangekata mishipa ya miguu ya ng'ombe wake, au wangemparuza mgongo kwa chanuo la misumari la kuchambulia sufu. Kuua kulikuwepo, ila kulikuwa ngazi ya mwisho. Huko Clare, mwaka 1831, watu waliojiita Terry Alts walikuwa na njia yao: walikuja kundi zima na majembe na kuyafukua malisho. Nyasi ikishageuzwa, mwenye shamba hana la kufanya msimu ule ila kuikodisha kwa mbatata.

Na wengi waliotembelewa usiku walikuwa wakulima wa kawaida waliothubutu kuchukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Kabaila mwenyewe mara nyingi alikuwa Dublin au London.

Sasa, serikali ilikuwa na nini mkononi? Kila tarafa ilikuwa na makonstebo wachache, wengi wao wazee, waliolipwa kidogo na kufanya kazi hiyo pembeni ya shughuli nyingine. Mahakimu walikuwa makabaila wa eneo, bila mshahara. Baadhi yao walijificha, wengine walikuwa wakali kupita kiasi. Lilikuwepo jeshi, lakini jeshi lilihitaji hakimu aandamane nalo, na maafisa walichukia kuona kikosi kikigawanywa askari kumi hapa, kumi na watano pale, kulinda nyumba za watu.

Tatizo kubwa kuliko bunduki lilikuwa shahidi. Huko Louth, mwenye nyumba ya Wildgoose Lodge, Edward Lynch, alitoa ushahidi dhidi ya watu waliovamia kwake kutafuta silaha, nao wakanyongwa. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1816 nyumba yake ilichomwa, watu wanane wakiwa ndani. Serikali ikawanyonga watu 18 na kuzitundika maiti nyingi hadharani. Mkulima aliyepita barabarani akaziona zile maiti alijifunza somo moja: aliyetoa ushahidi amekufa, na walioshtakiwa wamekufa, basi salama ni kutoona kitu.

Ndiyo maana Sheria ya Uasi ilikwepa mashahidi kabisa. Ilipitishwa kwanza mwaka 1796, ikarudishwa kwa vipindi, ukiwemo wa 1814 hadi 1818 na wa 1822 hadi 1825. Eneo likishatangazwa kuwa na ghasia, kosa lilikuwa kutokuwa nyumbani kati ya machweo na macheo bila sababu. Hakuna haja ya kuthibitisha ulichokwenda kufanya. Mahakimu waliamua bila baraza la wazee wa mahakama, na adhabu ilikuwa kupelekwa uhamishoni ng'ambo miaka saba. Sheria ya namna hii inajaza meli, lakini haimwambii hakimu nani alichoma lile rundo la ngano.

Mwaka 1814 Robert Peel, katibu mkuu wa serikali huko Dublin, alileta jambo jipya: Kikosi cha Kulinda Amani. Gavana anatangaza tarafa kuwa na ghasia. Anatumwa hakimu mkuu mwenye mshahara, karani wake, konstebo mkuu, na makonstebo wadogo wasiozidi 50. Ghasia zikiisha, wanaondolewa. Kituo cha kwanza kilikuwa tarafa ya Middlethird, Tipperary, Septemba mwaka huo, chini ya Richard Willcocks, na wengi wa watu wake walikuwa askari wastaafu. Waliitwa Peelers. Wakazi wa London hudhani jina hilo ni lao, tangu Peel aunde polisi wa jiji lao mwaka 1829. Tipperary ililitamka miaka 15 kabla.

Na ankara? Gharama yote kwa eneo lenyewe. Hesabu ya Peel ilikuwa hivi: mahakimu wazembe wakijua kwamba kuomba polisi kutawauma mfukoni, watafanya kazi yao. Ilikuwa hesabu safi kwenye karatasi. Kosa lake ni kwamba kodi ya kaunti ilitozwa kwa anayelima ardhi, si kwa anayeimiliki. Kabaila aliomba polisi, mpangaji akalipa. Yule yule aliyekuwa akiandika barua zenye jeneza, au aliyezipokea, akaongezewa deni jingine juu ya kodi na fungu la kumi. Wasikilizaji kutoka Kenya wanaokumbuka faini za pamoja wakati wa Mau Mau wanaijua mantiki hii bila kufafanuliwa.

Matokeo yalikuwa ya kutabirika. Kaunti ziliogopa ankara, zikachelewa kuomba msaada mpaka moto umeshashika. Mwaka 1817 sheria ikarekebishwa ili serikali iweze kubeba hadi theluthi mbili, na vikosi vikaenea. Hata hivyo hakuna aliyekuwa salama: Oktoba 1821 Meja Richard Going, aliyewahi kuongoza polisi wa Limerick, alipigwa risasi akiwa njiani kwenda Rathkeale.

Sheria ya 1822, ya Henry Goulburn, katibu mkuu wa wakati huo, iliweka polisi wa kudumu kila kaunti, hadi makonstebo 16 kwa tarafa, na wakaguzi wanne, mmoja kwa kila jimbo. Gharama nusu kwa nusu. Uteuzi nao uligawanywa: serikali iliteua wakuu, mahakimu wa eneo wakateua makonstebo. Mnaweza kukisia walioteuliwa ni watoto wa nani na waumini wa kanisa gani.

Kisha polisi hao wakapewa kazi ya kusindikiza madeni ya fungu la kumi. Nadhani hakuna uamuzi uliowaharibia jina zaidi ya huu. Mgomo wa kulipa ulianza Graiguenamanagh, Kilkenny, mwishoni mwa 1830. Ng'ombe waliokamatwa walipelekwa mnadani, na hakuna aliyenunua. Wanyama walifichwa, na njiani polisi walisindikizwa na kelele za baragumu. Tarehe 14 Desemba 1831, huko Carrickshock, kapteni James Gibbons aliongoza makonstebo wapatao 40 kumlinda mpeleka hati za mahakama, Edmund Butler. Umati haukuwataka polisi, ulimtaka Butler.

Angalieni mahali penyewe, maana ndipo kosa lilipo. Gibbons aliingiza watu wake katika kijia chembamba chenye kuta za mawe pande zote mbili, wakiwa kwenye mistari, umati ukiwa juu yao na kandokando. Bunduki ya wakati ule hupigwa mara moja, kisha inahitaji nafasi na sekunde nyingi kuijaza tena. Singe ndefu haigeuki katika kijia. Mawe, magongo na nyundo za mbao havihitaji kujazwa. Kwa dakika chache Butler, Gibbons na makonstebo zaidi ya kumi walikuwa wamekufa, pamoja na watu watatu wa upande wa umati. Mwaka uliofuata washtakiwa walitetewa na Daniel O'Connell, wakili na kiongozi wa Wakatoliki, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Shahidi, tena.

Serikali ikaamua kuwalipa makasisi yenyewe na kudai madeni kwa jina lake. Ilikusanya kama pauni 12,000, kwa gharama iliyozidi makusanyo. Desemba 1834, karibu na Rathcormac, Cork, askari waliua watu zaidi ya kumi katika kudai madeni ambamo la mjane mmoja lilikuwa shilingi 40.

Aliyekata kamba hiyo alikuwa Thomas Drummond, Mskoti, mhandisi wa jeshi, aliyefika Dublin mwaka 1835 kuwa naibu wa katibu mkuu. Alikataa kuwatoa polisi wawe wasindikizaji wa wadai. Wangekwenda tu amani ikivunjwa. Sheria ya 1836 ikaunganisha polisi wote chini ya mkaguzi mkuu mmoja, na uteuzi wote ukaenda serikalini. Konstebo alikatazwa kuwa mwanachama wa chama cha siri, isipokuwa Freemasons, jambo ambalo linachekesha kidogo. Hakupangiwa kaunti ya kwao. Makabaila wa Tipperary walipodai sheria kali mwaka 1838, Drummond aliwajibu kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake. Mwaka huo huo fungu la kumi likapunguzwa kwa robo na kuhamishiwa kwa mwenye ardhi, ambaye bila shaka alilitafutia nafasi ndani ya kodi ya shamba.

Ankara ilibaki nusu kwa nusu kwa miaka kumi zaidi. Mwaka 1846 Peel, sasa waziri mkuu, alipofuta ushuru wa nafaka kutoka nje, uliokuwa ukiwalinda wenye ardhi, aliwapoza wenye ardhi kwa kuhamishia gharama yote ya polisi wa Ayalandi kwenye hazina kuu ya London. Mbatata zilikuwa zimeoza msimu uliotangulia, na mwaka huo huo zikaoza tena.