Kusoma mafuta ya moteri ya Wankel kabla ya kuifungua

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Lubumbashi

Jambo yenu, baba na mama, nanyi vijana wa garaji mlioacha kazi mapema mje hapa. Tutazungumza juu ya mafuta katika moteri ya Wankel inayorusha ndege, na ombi langu ni moja: spana zikae chini kwanza. Moteri hii ikiugua mafuta, hutoa dalili za kutosha kabla ya kufunguliwa, ila lazima uzisome pamoja: presha, joto, na kiasi kinachopungua au kuongezeka.

Ndani yake hamna pistoni wala valvu za hewa na moshi. Kuna rota ya pembe tatu, na rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti imekwisha kuzunguka mara tatu. Felix Wankel ndiye aliyeibuni huko Ujerumani, kampuni ya NSU ikawasha ya kwanza mwaka 1957, halafu Mazda ikaikuza. Ile 13B ya Mazda, ya rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, ndiyo inayopendwa na watu wanaojijengea ndege zao wenyewe, hasa Marekani.

Sasa sikilizeni kazi za mafuta humo. Yanalainisha beringi, kama kwenye moteri yoyote. Yanarushwa pia ndani ya tumbo la rota kuipoza, kwa sababu maji yanapoza kuta tu, hayafiki kwenye rota. Tena kuna pampu ndogo inayopeleka tone kwa tone kwenye chumba cha moto, yalainishe sili (vizibo) za ncha za rota, kisha yaungue. Maana yake hata moteri isiyo na ugonjwa wowote inakula mafuta. Fundi aliyezoea makamio (malori) ya njia ya Kasumbalesa akiona kiwango kimeshuka atasema ringi za pistoni zimekwisha, na hapa atakuwa ameanza vibaya.

Lakini ngojeni. Wajenzi wengi wa ndege huiondoa ile pampu ndogo, wakachanganya mafuta ya moteri za viharusi viwili na esansi (petroli), takriban mililita 8 kwa kila lita. Kwenye moteri ya namna hiyo, mafuta ya karteri, yaani bakuli la mafuta chini ya moteri, hayana tena njia halali ya kuungua. Yakishuka, kuna mahali yanavuja au raba za kuzuia mafuta ubavuni mwa rota zimekauka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye ndege ni hili: pampu ipo au imeondolewa? Usipouliza hilo, utaisifu moteri mgonjwa na kuisumbua iliyo nzima.

Raba hizo zikikauka, utaona moshi wa buluu asubuhi ukiwasha, kisha unapungua, kwa kuwa mafuta yalipenya usiku moteri ikiwa imelala. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto ni habari nyingine: huo tafuta maji.

Kiwango kikipanda, msifurahi. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta, nusa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: likiwa na esansi, litaacha duara pana jepesi kuzunguka doa jeusi. Rangi ikiwa ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hapa kwetu, asubuhi za baridi za mwezi wa sita, utando mweupe unaweza kushika chini ya kifuniko peke yake kwa sababu ya unyevu. Ukiwa kifunikoni tu, na kijiti ni safi, na maji ya radiyateri hayapungui, pasha moteri joto vizuri kisha utazame tena.

Presha ndiyo inayowatisha watu zaidi, na ni haki. Kwanza funga kipimo kingine unachokiamini, maana sensa huchoshwa na mtikisiko. Kisha uliza: inashuka lini? Ikiwa chini tangu baridi, angalia kiwango, kichujio cha kunyonyea, pampu, na valvu ya kurekebisha presha. Mshale ukicheza ndege inapopanda tu, na kutulia ikinyooka, pampu inanyonya hewa. Karteri nyingi za ndege hizi zimefanywa fupi kuliko za gari.

Presha ikiwa nzuri moteri ikiwa baridi na mbaya ikipata moto, hapo kuna mambo. Kuna raba ya duara nyuma ya kifuniko cha mbele. Ikikatika, mafuta yanarudi karterini kimyakimya, nje hamna hata tone. Kuna pia kivalvu kwenye ncha ya mbele ya shafti. Mafuta yakiwa baridi, kinaacha presha imwagike ili rota zisipozwe mapema. Yakipata moto, kinafunga, rota zinaanza kurushiwa mafuta. Kikifa wazi, rota zinakosa mafuta, na joto lao haliyafikii mafuta ili kipimo kilione. Utasoma joto zuri huku rota inaungua! Presha ndogo pamoja na joto lisilopanda inavyotakiwa ni hatari. Ndiyo sababu wanaorusha ndege huking'oa na kuweka kipande cha chuma kisichofunguka.

Joto likizidi, na wengi hawapendi livuke digrii 95 hivi, kumbukeni uwanja wetu wa ndege wa Luano uko juu ya mita 1,200 na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Mwezi wa kumi, ndege ikipanda polepole kwa nguvu zote, kipozeo cha mafuta kinapata hewa kidogo. Rubani ainamishe pua, aongeze mwendo: joto likishuka haraka, tengeneza njia ya hewa. Lisiposhuka, tafuta kizuizi ndani ya bomba na kipozeo.

Mwisho, filta. Msiikate kwa msumeno, mtaongeza vyuma vyenu wenyewe. Tumieni kikatio cha gurudumu. Nyoosheni karatasi yake juani, pitisheni sumaku. Vipande vya sili za ncha hutafuti hapo, hivyo hutoka na moshi. Unachotafuta ni beringi. Ukiona vumbi la rangi ya shaba ambalo sumaku hailivuti, ndege hiyo hairuki tena mpaka shafti itolewe na beringi zipimwe.