Maji Yalipopwa Shela

Asalaam aleikum. Nawashukuru mlionikaribisha hapa Ngomeni, Lamu. Mlio karibu na dirisha mniwie radhi, maana punda anayelia huko nje naona amekuja kunisaidia.

Nimeombwa nimzungumzie Tom Clancy, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Vijana wengi mnamjua kwa michezo ya kompyuta, vitabu hamjavifungua. Si kitu. Alizaliwa Baltimore mwaka 1947, akafia hukohuko mwaka 2013. Kazi yake ilikuwa kuuza bima. Jeshi alilipenda, macho yakamwangusha: haoni mbali. Basi huyu aliyewatia watu ndani ya nyambizi mpaka wakakosa pumzi hakuwahi kuwa baharia.

Riwaya yake ya kwanza, *The Hunt for Red October*, ilitoka 1984. Aliyeichapa ni taasisi ya wanamaji ya Annapolis, ambayo ilizoea vitabu vya kufunzia mabaharia na haikuwa imewahi kutoa riwaya mpya. Wakampa malipo ya awali ya dola 5,000. Rais Reagan akaisoma, akaisifu, na kuanzia hapo haikushikika.

Mbegu yake ni kisa cha kweli. Novemba 1975 afisa wa Kisovieti, Valery Sablin, aliteka manowari Storozhevoy akatoka nayo bandari ya Riga. Alikamatwa, na mwaka uliofuata akapigwa risasi. Sablin hakuwa mtoro. Alitaka mapinduzi mapya nchini kwake. Clancy akamgeuza nahodha wa nyambizi anayekimbilia Marekani. Hapo namnung'unikia. Amemchukua mtu mwenye itikadi ya moto, akampoza awafae wasomaji wa kwao. Na wanawake katika kitabu kile? Wanapita mlangoni tu, kama waleta chai.

Lakini kuna kijana mmoja mle, kazi yake kusikiliza bahari. Ameziba masikio kwa vipokea sauti, huku nyangumi, kule kamba, na katikati kitu kisicho samaki. Kurasa zile nimezirudia sijui mara ngapi. Clancy aliyapata hayo kwa kusoma vitabu vilivyo wazi kwa kila mtu na kuwauliza waliokwisha kuhudumu.

Sasa twende Shela, si mbali. Karibu na mwaka 1812, Mazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa kisiwa cha Pate walikuja kuitwaa Lamu. Walishuka pale pwani, wakapigana, wakashindwa. Walipokimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani. Maji yamepwa! Waliuawa wengi, na mifupa imekuwa ikifukuliwa na upepo kwenye vilima vya mchanga. Lamu, kwa hofu ya kisasi, ikamwita Sayyid Said wa Oman, na ngome hii tuliyoketi ndani yake ikakamilika mwaka 1821.

Vita, hila, dola kubwa kuingia kwa mlango wa nyuma: vyote vipo. Nimeletewa miswada ya vijana kuhusu vita ile. Panga tele, damu tele, na chombo kinang'oa nanga wakati wowote mwandishi apendapo. Mmoja kaandika usiku wa mwezi mpevu, na maji yamelala wiki nzima. Mwezi mpevu, jamani, bamvua hiyo, maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine!

Nani hapa anaweza kuniambia, kwa mwezi ulivyo leo, kesho Shela maji yanapwa saa ngapi? Naona mzee kule nyuma ameinua mkono. Mpisheni apite. Shikamoo, mzee wangu. Chukua kipaza sauti.